Ugonjwa Adimu na Somo la Urithi

Kuna hoja isikikayo mara kwa mara katika mijadala ya elimu ya sayansi, kwamba nchi inayopambana na malaria na kifua kikuu yapasa kuyaachia mataifa tajiri magonjwa yaliyo adimu. Hoja hiyo ina sura ya busara, lakini haimtendei haki mgonjwa, wala haiitendei haki sayansi yenyewe. Ugonjwa uitwao tuberasi sklerosisi watosha kuonyesha kasoro yake.

Mwaka 1880, daktari Bourneville wa Paris alieleza ubongo wa msichana aliyekufa baada ya kuugua kifafa. Katika ubongo huo aliona vinundu vigumu mithili ya viazi, na hapo ndipo jina la ugonjwa lilipotoka. Leo yajulikana kwamba katika kila watoto 6,000 hivi wanaozaliwa, mmoja huwa nao. Dalili zake ni kifafa kinachoanza utotoni, mabaka meupe ya ngozi, vipele vya usoni, na vivimbe vya moyo na figo.

Kwa baadhi ya wagonjwa, aghalabu kabla ya umri wa miaka 20, huota ndani ya ubongo uvimbe wa pekee. Seli zake ni kubwa kupita kiasi, nazo huonyesha tabia za aina mbili kwa pamoja: tabia za seli za neva zipelekazo habari, na za seli za glia zinazozitegemeza neva hizo. Huo ni uvimbe mseto. Si saratani yenye kusambaa mwilini. Hatari yake ni mahali unapoota, karibu na tundu jembamba lipitishalo maji ya ubongo. Tundu likizibwa, maji hujaa, kichwa huuma, macho hufifia, na mgonjwa aweza kufa.

Chanzo cha yote hayo ni jeni mbili, moja katika kromosomu ya 9 na nyingine katika kromosomu ya 16. Protini zitokanazo na jeni hizo hufanya kazi pamoja kama breki ya ukuaji wa seli. Kila seli ina nakala mbili za kila jeni; mgonjwa huzaliwa na nakala moja mbovu, na seli inapoipoteza ile nzima pia, breki hukatika. Wazo hili la mapigo mawili lilitolewa mwaka 1971 na Alfred Knudson wa Marekani, aliyechunguza uvimbe adimu wa macho ya watoto. Leo wazo hilo ni nguzo mojawapo ya elimu ya saratani kwa jumla. Basi waliochunguza wachache wamewafaidia wengi.

Tiba nayo ilitoka mahali pasipotarajiwa. Udongo uliochotwa katika kisiwa cha Rapa Nui miaka ya 1960 ulikuwa na bakteria watoao dawa iitwayo rapamaisini, ambayo huzuia mtambo uleule wa seli uliokosa breki. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2010, wagonjwa 28 walipewa everolimasi, dawa ya ukoo huo. Baada ya miezi sita, uvimbe ulikuwa umepungua kwa asilimia 30 au zaidi kwa wagonjwa 21. Si tiba kamili, kwani dawa ikikatizwa uvimbe huweza kukua tena, na upasuaji bado una nafasi yake.

Lakini faida iliyo karibu zaidi na shule za Afrika Mashariki si dawa, bali ni maarifa. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kila mwaka. Ikiwa kiwango ni kilekile, zaidi ya 300 kati yao huzaliwa na ugonjwa huu. Mtoto mwenye kifafa bado hufichwa katika nyumba nyingi, na mama yake hunyoshewa kidole, kana kwamba ameleta mkosi katika ukoo. Ukweli ni kwamba takriban theluthi mbili ya wagonjwa hawakuurithi ugonjwa kwa mzazi yeyote. Badiliko la jeni lilitokea kwao kwanza. Na hata mzazi aliye nao hakuuchagua: kila mtoto wake ana nafasi moja kati ya mbili ya kuurithi, kama sarafu irushwayo upya kila mara.

Mwalimu wa Biolojia afundishaye njegere za Mendel ana wajibu wa kufika hapa pia. Somo la urithi linaloishia kwenye rangi ya maua humwezesha mwanafunzi kufaulu mtihani; lifikapo kwa mtoto mwenye kifafa na mama asiye na hatia, humfundisha pia kutomhukumu jirani. Yule anayejua hivyo ndiye atakayesema, siku ya haja, kwamba mtoto huyu apelekwe hospitali.