Kabla Hujauza Vitabu vya Step 1

Jumapili iliyopita jirani yetu alipanda ngazi na begi la mgongoni, akalimwaga mezani kwangu hata kabla sijamkaribisha chai. Vilikuwa vitabu vya Step 1, vingine vya zamani, vya wakati mtihani ule ulipokuwa bado unatolewa kwa alama.

"Dada, nitafutie mtu wa kununua hivi. Nimechoka. Mimi nataka njia yako."

Kwa wasomaji wapya wa safu hii, njia yangu ni hii: nilisomea udaktari Dar es Salaam, nikatibu miaka sita katika hospitali ya wilaya, nikamfuata mume wangu Texas, na leo ni PA katika kliniki ya familia huku kaunti ya Tarrant. Jirani yangu alisoma Bukavu, akafanya kazi Kivu Kaskazini mpaka vita vikamtoa. Sasa anapanga mizigo usiku karibu na uwanja wa DFW. Sisi wa Euless tunaishi chini ya ndege hizo. Watoto wetu wanajua kuacha sentensi katikati, ndege ipite, kisha waendelee. Ana mke, watoto watatu, na mama yake Goma anayemwita "docteur" kila akipiga simu.

Nilimwambia akae kwanza. Swali lake nimeshaulizwa na watu wa Arlington, wa Houston, hata na binti mmoja aliye Muscat, na karibu wote wameanza na habari isiyo kweli: kwamba daktari aliyesoma nje anaweza kufanya mtihani wa PA moja kwa moja akapewa leseni. Hawezi. Mtihani huo, PANCE, hufanywa na aliyehitimu chuo cha PA kilichoidhinishwa na ARC-PA, basi. Uwe umezalisha wanawake elfu, uwe umepasua matumbo kwa mwanga wa tochi, utaingia darasani na vijana wa miaka ishirini na tatu na utaanza nao ukurasa wa kwanza. Kozi nyingi ni za miezi kama 27, shahada ya uzamili: mwaka wa kwanza vitabu, uliobaki mizunguko ya wodini.

"Lakini si wataruka masomo niliyokwisha soma?" akauliza.

Hawaruki. Tena kabla ya kuingia kuna masomo ya msingi: anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia, kemia, takwimu, saikolojia. Vyuo vingi vinataka uwe umeyasoma Marekani. Mimi nilirudia anatomia katika chuo cha jamii, nimeketi nyuma ya msichana aliyekuwa akiniuliza ini liko upande gani. Sikumwambia kwamba nimewahi kulishona moja. Nilimwonyesha tu, na siku ile nililia ndani ya gari kwenye maegesho, kisha nikaenda kumchukua mwanangu shuleni.

Hapo mume wangu, aliyekuwa akijifanya anatazama mpira, akazima sauti ya televisheni. Anaikumbuka siku hiyo.

Tulichukua karatasi tukapiga hesabu, na naomba nawe msomaji uipige na kalamu yako. Jirani yangu alianguka Step 1 mara moja. Ana miaka minane tangu ahitimu. Kwa njia ya udaktari, anahitaji kupita Step 1, kisha Step 2 CK, apate cheti cha ECFMG, aombe residensi mwezi wa Septemba na asubiri Machi. Mwaka 2024, kati ya madaktari waliosoma nje na wasio raia wa Marekani walioingia kwenye Match, waliopata nafasi walikuwa chini kidogo ya sita katika kila kumi. Ambao hawakupata hawakuwa wajinga. Programu nyingi hupendelea waliohitimu karibuni, na mtu wa miaka minane huchujwa na kompyuta kabla binadamu hajasoma jina lake. Tangu Step 1 igeuke kuwa ya kufaulu au kufeli tu, Januari 2022, alama ya Step 2 CK ndiyo inayobeba mzigo wote. Na mtihani mmoja huwezi kuufanya zaidi ya mara nne.

Kwa njia ya PA: mwaka mmoja hadi miwili ya masomo ya msingi huku unafanya kazi, saa za kuhudumia wagonjwa ambazo vyuo vingi huzidai, maombi, usaili, kisha miezi 27 ambayo karibu haiwezekani kufanya kazi. Jumla, miaka minne.

Akaitazama karatasi. Akiipata residensi ya tiba ya familia, ni miaka mitatu. Ukiongeza miwili ya mitihani na maombi, inakuwa mitano. Tofauti ni mwaka mmoja! Tena residensi inakulipa, kati ya dola 60,000 na 70,000 kwa mwaka, na PA ndiye anayelipa chuo. Watu huniambia PA ni njia ya mkato. Mimi sijaliona hilo la mkato. Nilichokiona ni kwamba nikishaingia chuoni na nikasoma, mwisho wake naujua, ilhali mwenye kungoja Machi anaweza kuingoja mara tatu.

Pesa nayo imebadilika tangu enzi zangu. Mimi nilikopa serikalini mkopo uitwao Grad PLUS. Sheria ya 2025 imeufunga kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Kwa hiyo usimwige dada wa Euless kwa macho yaliyofumbwa. Uliza ofisi ya fedha ya chuo utakopa kiasi gani na pengo utalijaza na nini. Vyuo vya umma ni nafuu kwa mkazi wa Texas: kuna UNT Health Science Center pale Fort Worth, UT Southwestern Dallas, na kwa ndugu zetu wa Houston UTMB iko Galveston. Baylor ya Houston nayo ina programu, ila ni ya binafsi. Mshahara baadaye ni mzuri. Mwaka 2023 PA wa katikati nchini alipata kama dola 130,000. Daktari wa familia hupata zaidi ya 200,000. Sitakuficha.

Na kuna mlango ambao mimi sikuukuta. Tennessee ilipitisha sheria mwaka 2023 ya kuwapa madaktari wa nje leseni ya muda bila kurudia residensi. Texas nayo, mwaka 2025, ilipitisha sheria yake, HB 2038, iliyoanza Septemba 1 mwaka huohuo. Inataka mtu mwenye leseni safi ya nchi nyingine na aliyepata ofa ya kazi hapa, na ina masharti mengine ya kusomwa mstari kwa mstari kwenye tovuti ya Texas Medical Board, si kwenye kundi la WhatsApp. Jirani yangu hakuwa ameisikia. Leseni yake ya Kongo iko wapi? Karatasi ziko Goma, kwa shangazi, ndani ya sanduku, kama shangazi hakuhama wakati wa mapigano. Tukanyamaza kidogo.

Kisha akauliza lile alilolijia hasa. "Na jina, dada? Ulimwambiaje mama?"

Mama yangu yuko Tanga. Nilipomweleza mara ya kwanza alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo umeshushwa cheo." Nikamwambia, mama, unamkumbuka yule daktari msaidizi wa kule wilayani, aliyemfanyia dada upasuaji wa uzazi usiku wa mvua? Alianza kama tabibu, akafanya kazi miaka, akarudi kusoma, na ndiye aliyekuwa akishika kisu wakati madaktari wenye shahada tuko wawili kwa wilaya nzima. Tanzania imewafundisha watu wa aina hiyo tangu miaka ya 1960. Marekani ilianza PA wakati huohuo: mwaka 1965, chuo cha Duke, Dk. Eugene Stead aliwachukua wanaume wanne waliokuwa wahudumu wa tiba katika jeshi la majini. Upungufu wa madaktari uleule, jawabu lilelile. Mama akasema, "Yule baba alikuwa mtu mzuri." Tangu siku hiyo hajasema neno la cheo, ingawa msikitini bado ananitangaza daktari.

Hata hivyo sitaki kumpamba mtu. Kazini najitambulisha, "Mimi ni PA." Mgonjwa akiniita daktari namsahihisha, maana sheria inataka hivyo na ni haki yake kujua. Texas inanidai niwe chini ya daktari msimamizi, na kwa maandishi. Dawa kali za maumivu, zile za kundi la pili, siwezi kuziandika nikiwa kliniki. Ni hospitalini au kwa wagonjwa wa hospice tu. Kuna siku msimamizi, kijana niliyemzidi miaka kumi, ananieleza malaria. Namsikiliza. Siku nyingine ni yeye anayenigongea mlango: "Hebu njoo uone homa hii." Hapo najua miaka sita ya wilayani haikupotea.

Na kila mwaka nalipia usajili wangu kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Mume wangu huiita ada ya moyo. Haya, iwe hivyo. PA haina pa kuitumia nyumbani, na nikirudi nataka nirudi nilivyoondoka.

Nilimuuliza jirani maswali matatu tu. Siku za kazi kule Kivu, ulipenda nini: kuwa mwenye neno la mwisho, au kuwa na mgonjwa? Mkeo anaweza kubeba nyumba miezi 27? Na ulipoanguka Step 1, ulisoma saa ngapi kwa siku?

La kwanza alisema atalifikiria. La pili alisema atamuuliza, jambo ambalo kumbe hajawahi kulifanya. La tatu alicheka kwa uchungu: saa moja na nusu, alfajiri, baada ya kutoka zamu, watoto wakiamka.

"Basi kaka, bado hujaufanya mtihani ule," nikamwambia. "Ulikwenda kulala kwenye chumba cha mtihani."

Jumanne mkewe alinipigia. Wamekubaliana ajiandikishe mikrobiolojia muhula ujao katika chuo cha Tarrant pale Hurst, dakika kumi kutoka hapa, na mke ameomba zamu za wikendi ili yeye aache usiku mbili kwa wiki. Shangazi wa Goma ametafutwa, sanduku lipo. Jirani amejipa mpaka Machi ijayo kurudia Step 1 kwa kusoma kweli, na akiipita ataamua upya.

Vitabu bado viko mezani kwangu. Vile vya zamani nimemwambia avitupe. Viwili vizuri atavifuata Jumamosi.