Wanyonge Waliokataa Kuuza Mmoja Mmoja

Kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii tumeikariri tangu utotoni na kuivaa katika kanga, hata imekuwa kama salamu: huitikiwa, wala haifikiriwi. Lakini wako watu walioitenda, na faida yake ikahesabika kwa dola.

Watu hao wako katika bahari ya Pasifiki. Visiwa vyao ni vidogo mno. Nauru nzima ni kilomita za mraba 21, na Tuvalu ni 26. Bali bahari yao ni pana, na ndani yake wamejaa sehewa na jodari, samaki watiwao makoponi na kuliwa dunia nzima. Zamani wenye meli kubwa kutoka nchi za mbali walipatana bei na kila nchi peke yake. Hii ikikaza, waliiendea jirani yake. Samaki naye hana pasi; asiyevuliwa hapa leo, kesho huvuliwa kule. Hivyo kila mmoja akashusha bei kwa kumchelea mwenziwe.

Mwaka 1982 yalitiwa sahihi Mapatano ya Nauru, ambayo leo yana wanachama 8, wakiwamo Kiribati na Papua New Guinea. Tangu 2007 nchi hizo huuza siku za kuvua. Idadi ya siku huwekwa kwa shauri la wote, kila nchi ikapewa fungu lake, na bei ya chini ikakubaliwa. Mwaka 2012 bei hiyo ilikuwa dola 5,000 kwa meli moja kwa siku. Baadaye ikawa 8,000. Mapato yao, yaliyokuwa yapata dola milioni 60 mwaka 2010, yalikaribia milioni 500 kabla mwongo uliofuata haujesha.

Msidhani kuwa hawagombani. Mwaka 2021 baadhi yao walitangaza kujitoa katika Jukwaa la Visiwa vya Pasifiki kwa sababu ya kiti cha katibu mkuu. Kiribati ilitoka kweli mwaka 2022, ikarejea 2023. Hata hivyo, mapatano ya samaki hayakuvunjika.

Sasa tutazame bahari yetu. Mwaka uo huo wa 1982, Morisi, Madagaska na Shelisheli ziliunda Tume ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1986 wakaingia ndugu zetu wa Komoro, pamoja na Ufaransa kwa ajili ya kisiwa cha Réunion. Tume hiyo si bure: tangu 2007 imesimamia doria za pamoja dhidi ya wezi wa samaki. Lakini linapofika suala la bei, kila kisiwa kimekuwa kikipatana na Umoja wa Ulaya peke yake. Na Ufaransa, ambayo meli zake huvua jodari humu, ni mwanachama wa Umoja huo. Yaani mnunuzi amekaa katika baraza la wauzaji!

Kulinda samaki pamoja na kumwuza mbalimbali ni kufunga mlango na kuacha dirisha wazi. Yafaa visiwa vyetu vikutane vyenyewe, vitaje bei moja, na asiwepo wa kuipunguza kwa siri. Chawa yupo, vidole vipo. Kilichobaki ni kuvikutanisha.