Nukta Moja Ikipotea

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Majuzi nimeshuhudia ufa mdogo mno, mdogo kuliko chembe ya ufuta, uliotaka kuzigombanisha kwaya mbili nzima. Ufa wenyewe ulikuwa nukta moja ya wino.

Nilikuwa safarini. Nilipanda treni Mombasa, nikashuka kituo cha Athi River, na mpwa wangu akanipokea na kunipeleka kwake Kitengela. Msomaji asiyeujua mji huu na aelewe kuwa uko kando ya barabara kuu iendayo Namanga, katika kaunti ya Kajiado. Zamani palikuwa malisho ya ng'ombe wa Wamasai. Leo ni majumba ya ghorofa, maduka, vumbi la barabarani na watu wa kila kabila. Nyumba aliyopanga mpwa wangu imepakana na ukumbi ambamo kwaya ya kanisa moja hufanya mazoezi. Usiku ule, baada ya sala ya Isha, tulikaa nje tukipunga upepo, na sauti zikawa zatujia. Zilikuwa nzuri, za watu waliozoea kuimba pamoja. Lakini kila walipofika mahali fulani, wimbo ulivunjika. Wakaanza tena. Ukavunjika pale pale.

"Hawa, Mjomba, wamekwama hapo tangu Jumatatu," mpwa wangu akaniambia.

Asubuhi yake nilikutana na mwalimu wa kwaya ile dukani. Baada ya kusalimiana nilimuuliza, kwa udadisi wa mtu wa mashairi, wamefikwa na nini. Akacheka, kisha akatoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mzee," akasema, "taabu yetu yote imo humu."

Ilikuwa fotokopi ya fotokopi ya fotokopi. Wimbo wenyewe ni ule wa mwisho katika Messiah, kazi ya Mjerumani aliyehamia Uingereza, George Frideric Handel. Kazi za aina hiyo huitwa oratorio: kisa cha dini kinachosimuliwa kwa kuimbwa, bila ya watu kuigiza. Wimbo huo wa mwisho una neno moja tu, nalo kila msomaji wa ukurasa huu analijua: Amina. Huanza besi peke yao, wakafuata tena, kisha alto, mwisho soprano. Neno hilo moja likavutwa, likapandishwa, likateremshwa, likapokewa na huyu kutoka kwa yule. Kwa kuwa maneno hayabadiliki, mwimbaji hana pa kujishika ila nota zake tu. Nota ikikosewa, amepotea.

Kwaya nyingi za bara husoma nota za solfa, yaani do, re, mi zilizoandikwa kwa herufi. Utaratibu huu ulianzishwa Norwich, Uingereza, na mwalimu mmoja wa kike, Sarah Glover, kisha kasisi John Curwen akautengeneza na kuueneza katika karne ya 19, na wamishonari wakauleta Afrika. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji mistari mitano wala kinanda, taipureta inatosha. Lakini una siri yake. Muda wa kila sauti huonyeshwa kwa alama ndogo ndogo: nukta mbili zilizopandana hutenga pigo na pigo, nukta moja hugawa pigo nusu kwa nusu, mkato hugawa robo. Kistari kidogo chini ya herufi huonyesha kuwa sauti ni ya chini.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nadhani nawe msomaji uliyekalia jamvi la chuo umeshaelewa kabla sijamaliza. Mtoto wa chuoni hupigwa kofi la mgongo siku ya kwanza kwa ajili ya nukta. Be ina nukta moja chini, te ina mbili juu, the ina tatu. Kiwiliwili ni kimoja; nukta ndiyo inayosema hii ni nini. Basi mashine ya fotokopi ilikuwa imezila nukta za Amina ile, na watu 40 walikuwa wakisoma be wakidhani ni te.

Jambo hili lingekwisha hapo lau kwaya ile ingekuwa yaimba peke yake. Lakini walikuwa wamealikana na kwaya nyingine ya Kajiado mjini ili waimbe pamoja, na wenzao wale waliimba mahali pale namna nyingine kabisa. Kila upande ukashikilia lake: "Sisi hivi ndivyo tulivyofundishwa." Mwalimu akaniomba nifuatane naye Kajiado siku ya Jumamosi, labda mtu mzima akiwapo maneno yatapoa. Nikakubali. Tukapita Isinya, uwanda umetanda kulia na kushoto, hata tukafika.

Kule tulimkuta mzee mmoja, mwalimu mstaafu, na kitabu cha solfa kilichochapwa zamani, jalada limeng'oka, pembe zimeliwa. Alikifunua kwa adabu kama mtu afunuaye juzuu. Nukta za Kitengela zote zilikuwamo! Watu wa Kajiado wakatabasamu. Kumbe karatasi mbili za mwisho za kitabu kile zilikuwa zimepotea, na mtu wa hisani alizinakili kwa mkono kutoka kwingine, akaruka mahali pamoja. Kijana mmoja alikuwa amechapisha kutoka katika intaneti toleo safi la mistari mitano, akalinganisha polepole. Ikadhihirika kuwa Kitengela walikosa mahali pamoja na Kajiado mahali pengine. Hakuna aliyeshinda. Wakacheka, wakasahihisha kwa kalamu, wakaimba. Wimbo haukuvunjika.

Niliporudi nilizingatia sana. Handel aliiandika Messiah kwa siku 24 katika mwaka 1741, na iliimbwa mara ya kwanza Dublin, Ireland, tarehe 13 Aprili 1742. Imekuwaje ikafika Kitengela, zaidi ya miaka 280 baadaye? Wengi watajibu: kwa uzuri wake. Mimi nasema uzuri peke yake haufiki mbali. Imefika kwa sababu ya watu walioihangaikia nakala yake.

Handel mwenyewe alipofariki mwaka 1759 aliacha wasia kwamba nakala kamili ya kazi hiyo, pamoja na karatasi za waimbaji na wapigaji, ipewe nyumba ya watoto waliotupwa jijini London, iliyoitwa Foundling Hospital. Alipokuwa hai zilichapwa nyimbo za mmoja mmoja tu. Kitabu kizima hakikuchapwa mpaka mwaka 1767. Tena kilikuwa kitabu cha matajiri. Ndipo mwaka 1846 J. Alfred Novello wa London akaanza kuitoa kwa mafungu ya bei nafuu, kila mwezi fungu, na mfanyakazi wa kiwandani akaweza kununua. Hadi leo waimbaji wengi duniani hushika kitabu cha Novello.

Wala kazi haikuishia kwenye bei. Handel alikuwa akibadilisha nyimbo zake kila alipopata mwimbaji mpya, hata Messiah ikawa na sura nyingi. Katika karne ya 20 mtaalamu Watkins Shaw alikaa na hati za zamani akizilinganisha, akatoa toleo linaloeleza kila namna. Wajerumani nao tangu 1955 wanazitoa kazi zote za Handel kwa uchunguzi wa namna hiyo. Hati ya mkono wake mwenyewe iko British Library, London. Mwenye shaka hana haja ya kugombana. Kuna mahali pa kurejea.

Sasa mtazame mwenzake, Johann Sebastian Bach wa Leipzig, aliyefariki mwaka 1750. Huyu alitunga kantata, nyimbo za ibada za kila Jumapili na sikukuu, kwa mamia. Alipokufa, hati zake ziligawanywa kama mirathi baina ya mjane na watoto. Mjane alizikabidhi zake kwa shule ya Mtakatifu Thomas aliyokuwa akifundisha mumewe, nazo zikasalimika. Mtoto mkubwa alifikwa na dhiki, akauza. Leo zimebaki kantata kama 200, na nyingine nyingi zimepotea hazijulikani zilipo. Ilibidi chama kiundwe mwaka 1850 kuzikusanya na kuzichapa zilizosalia, na kazi hiyo ikachukua takriban miaka 50.

Msomaji, hadithi hii ya Bach hukuisikia mahali? Ni nani pwani asiyelijua sanduku la babu lililojaa tenzi na kasida kwa hati za Kiarabu, likagawanywa, likahamishwa, likavujiwa na mvua, mchwa wakamalizia?

Bach huyo kazi yake kubwa ya Mateso kwa Mathayo ilikuwa tayari mwaka 1727. Mwaka mmoja baadaye, 1728, Bwana Mwengo wa Pate aliandika Utendi wa Tambuka. Nakala safi ya Bach ina maneno ya Injili kwa wino mwekundu. Na mafundi wetu wa Siyu, katika kisiwa hicho hicho cha Pate, walipamba misahafu kwa wino mwekundu na wa manjano. Watu hawa hawakujuana, lakini heshima yao kwa karatasi ilikuwa moja. Tofauti ni hii: kazi ya Bach mtu wa Kajiado anaweza kuiimba leo nota kwa nota. Utendi tunao maneno yake. Je, mahadhi yake ya wakati ule ni yapi? Vitabu vyetu vya tenzi aghalabu vimechapwa bila ya mahadhi, na wazee wanaoyajua wanatutoka mmoja mmoja.

Najua patatokea atakayeniuliza: "Wewe mtoto wa chuo, yakuhusu nini Messiah?" Namjibu kwamba itikadi yao ni yao na yetu ni yetu, Nabii Isa tunamheshimu kwa namna tuliyofundishwa. Simwiti mtu kanisani. Natazama uangalifu wa mtu katika kazi yake, na uangalifu hauna kabila.

Mwingine atasema, na hoja yake ina uzito, kwamba sisi elimu yetu ni ya mdomo kwa sikio, na karatasi haifundishi kisomo. Ni kweli, mimi mwenyewe nilisahihishwa kwa sikio la maalimu, wala si kwa kitabu. Lakini tukumbuke Sayyidna Uthman alivyofanya: aliamuru misahafu iandikwe kwa uthabiti na kupelekwa mijini, na wasomaji wa kuifundisha wakapelekwa nayo. Simfananishi maneno ya Mola na tungo za binadamu, hasha! Nasema tu kwamba mdomo na karatasi havikuwa mahasimu hata siku moja.

Na Kitengela imenifunza jambo la ziada. Mdomo hutosha pale ambapo watu wanakaa pamoja. Mmasai ana olaranyani, kiongozi wa wimbo, na rika zima lamsikiliza tangu utoto. Lakini katika mji wa wahamiaji, huyu katoka Kisii, huyu Machakos, huyu Kisumu, mpwa wangu katoka Mombasa, hakuna babu mmoja wa kuulizwa. Hapo karatasi ndiyo babu. Na watoto wetu wa pwani nao wametawanyika, kuanzia Kitengela hadi Maskati na London. Watamuuliza nani mahadhi ya kasida?

Basi nina mawili ya kusema. La kwanza ni kwa jirani zetu wa kwaya. Tungo ya Handel haidaiwi na mtu tena, lakini kazi ya mhariri wa leo ina mwenyewe; msinakili kitabu kipya kama kwamba kimeokotwa. Na kila karatasi mnayoitoa, andikeni chini yake: imetoka toleo gani, imenakiliwa na nani, mwaka gani. Sisi katika elimu ya Hadithi jambo hili huliita isnadi. Tangu 1998 na 2006 zipo maktaba mbili za nota katika intaneti, CPDL na IMSLP, ambazo hutoa kazi hizi bure. Lakini za bure nazo hukosewa, zilinganisheni.

La pili ni kwetu. Kila msikiti wenye wazee wa Maulidi, kila nyumba yenye sanduku, na iwe na nakala mbili mahali pawili. Maneno yaandikwe na nukta zake zote. Mahadhi yarekodiwe, kisha mjuzi ayaandike kwa nota. Na jina la mzee aliyeyatoa lisiachwe. Kazi hii haingojei serikali. Yataka daftari na mtu mwenye subira.

Namalizia kwa beti moja niliyoitunga treni ikirudi Mombasa:

Kitone usidharau, kidogo chake ni kingi,
Wino ukikisahau, hutikisika msingi,
Si mzaha wala dau, zimekufa nyimbo nyingi,
Andikeni kwa hadhari, wajao wasipotee.