Punguza moja mwanzoni, mwisho usiuguse

Unapobadilisha faili ya jeni kutoka muundo wa GFF3 kwenda BED, kuna jambo lisiachwe. GFF3 huanza kuhesabu besi kwa 1, BED huanza kwa 0. Eksoni iliyoandikwa 1001 hadi 1200 kwenye GFF3 inakuwa 1000 hadi 1200 kwenye BED. Mwanzo tu ndio unaopungua, na urefu unabaki besi 200. Ukisahau kupunguza, programu ya kuchora jeni hailalamiki hata kidogo. Picha inatokea safi, kumbe kila eksoni imepoteza besi moja upande wa kushoto, na mwanafunzi ataamini anachokiona. Hilo linaniuma sana. Halafu majina ya kromosomu: hifadhidata ya Ensembl huandika "1", ile ya UCSC "chr1". Yasipolingana, jeni huenda zisionekane kabisa, ila hapo angalau utashtuka mapema.