Kiebrania Hakikukaa Kinyume

"Shikamoo mjomba. Nimeambiwa Kiebrania hakisomeki."

"Marahaba. Nani kakuambia?"

Mazungumzo yetu yalianza hivyo mwaka juzi, nilipokwenda kumjulia hali dada yangu huko Dutumi, Kibaha Vijijini. Mpwa wangu alikuwa anajiandaa kwenda chuo cha theolojia, na waliomtangulia walikuwa wameshamjaza hofu. Tukakaa chini ya mkorosho, tukayachambua aliyoambiwa moja baada ya jingine. Nayaandika kwa sababu hadi leo nayasikia, na mengi yametoka kwenye vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya msemaji wa Kiingereza. Mswahili anaingia kwa mlango mwingine, na ni mlango wa karibu.

Alianza na irabu: eti hakuna, msomaji anabahatisha. Ni kweli herufi zote 22 ni konsonanti. Lakini Biblia ya Kiebrania anayofunguliwa mwanafunzi ina vitone na vistari vya irabu, vilivyowekwa na Wamasora, wanazuoni wa Kiyahudi wa Tiberia, zaidi ya miaka 1000 iliyopita. Nakala kamili ya zamani kuliko zote iliyobaki, ile iliyohifadhiwa St Petersburg, iliandikwa karibu mwaka 1008, nayo ina alama hizo. Mtoto yeyote wa madrasa hapa Pwani anajua fataha, kasra na dhuma, na anasoma kutoka kulia kwenda kushoto kabla hajamaliza darasa la pili. Kiswahili chenyewe kiliandikwa hivyo kwa karne kadhaa. Nakala ya Utendi wa Tambuka ni ya mwaka 1728.

Likafuata dai kwamba sentensi zake zina mapengo. Hu melekh, neno kwa neno, ni "yeye mfalme"; hakuna "ni" katikati. Lakini sisi kila siku tunasema "jina langu Asha" au "huyu dada yangu", na hakuna anayeuliza sentensi imekatikia wapi. Yesh li sefer, yaani "kuna kwangu kitabu", inamsumbua Mwingereza kwa sababu anatafuta kitenzi alichozoea cha kuwa na kitu. Nasi hatuna kitenzi hicho. "Nina kitabu" ni mimi pamoja na kitabu, basi. Sifa nazo zinakuja nyuma ya nomino na kufuata umbo lake: sefer tov, sefarim tovim, kitabu kizuri, vitabu vizuri. Watu wanalalamika kwamba Kiebrania kina jinsia mbili, ya kiume na ya kike. Dada yangu anabeba ngeli zaidi ya kumi tangu utotoni, kwa Kiswahili na kwa Kizaramo.

Dai lililonikera kuliko yote ni la wakati. Mpwa wangu aliambiwa kwamba vitenzi vya Biblia havina wakati uliopita wala ujao, na kwa hiyo Waebrania hawakuufikiria wakati kama sisi.

Nikamwandikia vitatu kwenye daftari: wayyaqom, wayyelekh, wayyavo. Kwa Kiingereza msururu huo unajaa "na, na, na", ukadhani anasimulia mtoto. Kwa Kiswahili unakaa bila kusukumwa: akainuka, akaenda, akafika. Hiyo ni "ka" yetu ya masimulizi. Yenyewe haitaji jana wala juzi; inashika mkono wa kitenzi kilichotangulia na kusogeza kisa mbele. Ndiyo maana Biblia ya Kiswahili ya 1952 imejaa "akasema" na "akaenda". Mfanano huu una mpaka wake: kitabu cha Ruthu kinaanza moja kwa moja na umbo hilo, wayehi, kabla ya kitenzi kingine chochote, na hapo "ka" yetu inataka kwanza kitu cha kushika.

Kupima fikra za watu kwa vitenzi vyao ni kosa ambalo James Barr alilijibu kwa kirefu mwaka 1961, katika kitabu chake kuhusu maana za maneno ya Biblia. Hata kwetu limetokea. John Mbiti, msomi wa Kenya ninayemheshimu sana, aliandika mwaka 1969 kwamba Waafrika wa jadi karibu hawana wakati ujao wa mbali, na ushahidi wake mmoja ulikuwa vitenzi vya Kikamba. Hapo sikubaliani naye. "Ta" yetu ni moja tu, nayo inabeba kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo na siku ya kiama. Waebrania walikuwa na machar kwa kesho, na shilshom kwa juzi, neno lililotokana na tatu, kwani walihesabu siku kurudi nyuma. Watu waliohesabu hivyo walijua vizuri walipo.

Kuhusu Elohim, neno la Kiebrania la Mungu, nilijibu kwa ufupi. Aliambiwa kwamba neno hilo lina umbo la wingi, kwa hiyo sarufi peke yake inathibitisha Utatu. Mimi naamini Utatu, ila si kwa ushahidi huo. Katika aya ya kwanza ya Mwanzo kitenzi chake, bara, yaani "aliumba", ni cha umoja. Sisi tunasema "kiongozi amekuja", si "kimekuja". Kiambishi cha nomino kinasema hivi, upatanisho unasema vile, na maana inashikwa na upatanisho.

Mwishoni akageukia upande wa pili: kama lugha hizi zinafanana hivyo, basi Kiswahili kimetoka kwenye Kiebrania? Hapana. Kiswahili ni Kibantu. Maneno kama kitabu, katibu na maktaba tuliyapokea kutoka Kiarabu, ambacho ni ndugu wa Kiebrania. Mfanano mwingine ni wa mbinu tu, na hata mbinu zinatofautiana: sisi tunaongeza viambishi, wao wanageuza pia irabu za ndani.

Nikachora kaf, tav na bet mchangani, kuanzia kulia. Katav, nikamwambia, ni aliandika. Nikhtav?

"Iliandikwa."

Hikhtiv ni alimfanya mwingine aandike, kwa kumsomea maneno. Na hitkatev?

Akazitazama zile herufi, akataja taratibu: andika, andikwa, andikisha. Kisha akasema, "Andikiana."