Kutojua Kiingereza si kutojua kusoma

Mwezi huu tunagusa jambo linaloleta maneno mengi kwenye bomba la maji na hata kati yetu walimu. Mtoto amefika kutoka Kongo, amemaliza la tano primeri, lakini hapa Uganda anawekwa P.1 au P.2, eti kwa sababu hajui Kiingereza.

Sisi walimu wa kujitolea tunasema wazi: hiyo si haki.

Tuseme mtoto ana miaka 13, anakalishwa na wadogo wa miaka 7. Kugawanya alishajua kwa Kifaransa, sasa anahesabishwa moja mpaka ishirini. Wenzake wanamwita "baba". Baada ya wiki chache anatoroka kwenda kulima kibarua. Akiwa msichana, wachumba wanaanza kupiga hodi. Hakuna aliyemfukuza, lakini tumeshampoteza.

Wenzetu wanaopinga wana hoja, tusiwadharau. Wanasema mtihani wa P.7, yaani PLE, una masomo manne, na maswali yanaulizwa kwa Kiingereza. Wanasema haraka haraka haina baraka. Ni kweli, Kiingereza lazima akijue. Lakini je, atakipata P.1? Mpango wa masomo ulioanza Uganda mwaka 2007 unataka P.1 mpaka P.3 wafundishwe kwa lugha ya eneo pale inapowezekana. Basi mtoto anateremshwa kutafuta Kiingereza mahali ambapo pengine hakipo!

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, mtoto akifika apimwe hesabu kwa lugha anayoijua. Na mwalimu aangalie vizuri: Kongo tunaandika 2,5, huku wanaandika 2.5. Mtoto hajakosea, ni alama tu.

Pili, wakubwa wapewe saa za Kiingereza kila siku mchana kwa miezi kadhaa, ndipo darasa lake liamuliwe. Sisi tuko tayari kufundisha.

Tatu, wale wa miaka 10 mpaka 18 waliopoteza miaka mingi kwa sababu ya vita, wapelekwe kwenye masomo ya haraka, yale yanayofupisha miaka saba ya primeri kuwa mitatu. Hayo yapo kwa ajili yao.

Hatuombi upendeleo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inasema mtoto mkimbizi katika shule ya msingi atendewe sawa na mwenyeji.

Nanyi wazazi, siku ya kuandikisha msimtume mtoto peke yake. Leteni buletini zake. Kama zilibaki njiani, njoni wenyewe mueleze alifika darasa gani, maana yeye mbele ya wakubwa ataogopa na kunyamaza.

Mwenye mawazo tofauti atukute shuleni baada ya masomo, tuongee. Mbaki na amani.