Kompresa Iliyokufa Haigandishi Samaki

NI JAMBO la kawaida siku hizi kumsikia mtumishi au mwalimu akilalamika kwamba jokofu lake limekufa. Ukimwuliza limekufaje, atakujibu kwamba fundi amesema kompresa imeharibika, au gesi imekwisha. Ukiuliza fundi huyo alipima nini hata akafikia hukumu hiyo, mara nyingi utapata kimya. Kwa mtu anayeishi kwa mshahara, hukumu ya namna hii si neno dogo. Jokofu aliloliwekea akiba kwa miaka kadhaa hugeuka kabati la kuwekea vyombo, na yeye huanza upya kudunduliza fedha za kununua jingine.

Mwandishi wa makala haya analisema jambo hili kwa kuwa limempata mwenyewe. Jokofu la nyumbani kwake ni la aina iliyoenea sasa madukani, friza ikiwa chini na chumba cha vyakula kikiwa juu. Katika chumba hicho cha juu huwekwa dawa ya sindano ya kisukari ya mama mzazi, dawa ambayo kabla ya kufunguliwa hutakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi. Asubuhi moja maziwa yalikutwa yamechacha. Kipimajoto kilipowekwa juu kilionyesha nyuzi 15, ilhali samaki waliokuwa chini walikuwa wagumu kama mawe. Kwa kuwa barafu ilikuwapo, hakuna aliyeshtuka mapema. Ilibidi dawa ihifadhiwe kwa jirani, na zahanati iombwe chupa nyingine badala ya zile zilizopata joto.

Fundi wa kwanza aliyeitwa aliweka sikio nyuma ya jokofu, akatamka kwamba kompresa imekufa, na akataja bei iliyokaribia nusu ya bei ya jokofu jipya. Laiti tungalitulia kidogo, tungaliona kwamba maneno hayo yalipingwa na samaki wenyewe. Kompresa iliyokufa haigandishi samaki.

Tuangalie basi jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi. Katika majokofu mengi ya aina hii yasiyojenga barafu, mabomba ya kupoozea yamo chini, nyuma ya ubao wa ndani wa friza. Feni ndogo huisukuma hewa iliyopozwa na mabomba hayo. Sehemu yake hubaki katika friza, na sehemu hupanda hadi chumba cha juu kwa kupitia kilango kidogo kinachofunguka na kujifunga kadiri ya joto lililopo. Mabomba hayo hushika unyevu ukaganda, kwa hiyo hita huwaka kwa vipindi ili kuuyeyusha, na maji yake hushuka kwa kijibomba hadi kwenye trei iliyo karibu na kompresa, ambako hukauka.

Mwenye kufahamu hayo ataona mara moja kwamba chini kukiwa na baridi na juu kukiwa na joto, ugonjwa umo njiani, katika safari ya hewa. Huenda feni imesimama. Huenda hita au themostati yake imeharibika, na barafu imejenga ukuta juu ya mabomba hata hewa isipite. Huenda kilango kimekwama. Na kama maji yanatuama chini ya droo za friza, basi kijibomba cha kutolea maji kimeziba.

Uchunguzi nao una utaratibu wake, na sehemu kubwa haihitaji fundi. Kwanza, hakikisha kwamba soketi ina umeme wa kutosha. Pili, bana noti katika mlango. Ikivutika bila kushikwa, mpira umelegea na hewa ya joto inaingia. Tatu, tazama kama nyuma na chini pamejaa vumbi, au jokofu limebanwa na ukuta hata lishindwe kutoa joto lake. Nne, sikiliza feni. Katika majokofu mengine husimama mlango unapofunguliwa, hivyo kibonyezo cha mlango sharti kibanwe kwa kidole. Tano, ondoa vyakula, chomoa waya wa umeme, uache milango wazi kwa saa 24. Likirudi kufanya kazi vizuri kwa siku chache, kisha ugonjwa ukarejea, hapana shaka kasoro imo katika hita, themostati yake, au kifaa kinachoiamuru.

Kama vyumba vyote viwili vina joto, na kompresa inalia "tik" ikazima, kisha ikajaribu tena baada ya dakika kadhaa, yafaa kupima rilei ya kuiwashia kabla ya kuihukumu. Rilei ni kidude kidogo, na bei yake hailingani kabisa na ya kompresa. Lakini kompresa ikikimbia mchana kutwa bila baridi yoyote, huenda gesi imevuja. Hiyo ni kazi ya fundi aliyesomea, wala asikubaliwe kuongeza gesi bila kutafuta tundu. Majokofu mengi ya sasa hutumia gesi iitwayo R600a, ambayo hushika moto. Kukata au kuchomelea mabomba yake ovyo ovyo ni kuhatarisha nyumba nzima. Aidha, barafu isikwanguliwe kwa kisu, maana kisu kikitoboa bomba, kasoro ndogo hugeuka kubwa.

Katika kisa chetu, fundi wa pili alichomoa waya, akafungua ubao wa friza, akakuta ukuta wa barafu. Barafu ilipoyeyuka alipima hita kwa mita, akaona imekatika. Ndipo ikaanza shida nyingine, ya kutafuta kipuri. Tulikwenda Kariakoo na jina la kampuni tu, tukarudi na hita fupi isiyoingia. Safari ya pili tulikwenda na hita mbovu mkononi, pamoja na namba ya modeli iliyoandikwa kwenye kibandiko ndani ya jokofu, nyuma ya droo. Tulipata tuliyoihitaji katika duka la tatu.

Somo hapa ni wazi. Kampuni moja hutengeneza modeli nyingi, na vipuri vyake haviingiliani. Feni mbili zaweza kufanana kwa sura, moja ikatumia volti 12 na nyingine volti 230. Jokofu lililoletwa kutoka Marekani hutengenezwa kwa volti 120, ambapo umeme wetu ni wa volti 230. Kwa hiyo yafaa kila mwenye jokofu ainakili namba ya modeli leo, kabla kibandiko hakijafutika, na aihifadhi pamoja na stakabadhi ya duka.

Lakini wajibu huu si wa mtu binafsi peke yake. Ni nani kati yetu asiyepata kuona jokofu la shule au la ofisi limesukumwa katika stoo, bila karatasi yoyote inayoeleza lilikufa kwa ugonjwa gani? Wakuu wa taasisi hawana budi kuhakikisha kwamba namba ya modeli inaandikwa katika daftari la mali siku ile ile jokofu linapopokelewa. Fundi naye atakiwe aandike alichopima na alichokiona, na amkabidhi mwenye mali kipuri alichokitoa. Bila maandishi hayo, jokofu lisifutwe katika daftari.

Wafanyabiashara nao wana deni. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Machi 1, 2021, watengenezaji wa majokofu ya nyumbani wanalazimika kuwapatia mafundi themostati, vihisio vya joto na bodi za umeme kwa muda usiopungua miaka 7 baada ya jokofu la mwisho la modeli hiyo kuingizwa sokoni. Mipira ya milango ni miaka isiyopungua 10. Viwanda vinavyowauzia Wazungu vimelikubali sharti hilo. Haielekei kwamba vitashindwa kulikubali kwetu, iwapo sisi tunaonunua, hasa taasisi zinazonunua kwa fedha za umma, tutauliza habari za vipuri kabla ya kuuliza bei.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hita ile imekwisha wekwa, chumba cha juu kimerudi nyuzi 4, na dawa ya mama iko mahali pake. Kompresa iliyotangazwa kuwa imekufa ingali inanguruma hadi leo.